Mota Niliyoifukia Kibanjani

Mota ikiungua ina harufu yake. Haifanani na plastiki wala kitambaa. Ni vanishi, ni shaba, na kitu kingine kitamutamu kinachokukaba kooni, na ukishaivuta mara moja huisahau. Mimi harufu hiyo imenilisha. Imenijengea nyumba Ijuganyondo na imenisomeshea watoto wanne. Wanaponiletea mota ya pampu ya kisima au ya mashine ya kukoboa kahawa, siifungui kwanza. Nainusa. Hapo hapo nawaambia, hii imeunguza waya, hii ni brashi tu zimekwisha. Wahandisi wenye vyeti vyao wamekuja kwenye karakana yangu hapa Bukoba, wakapima na vipimo vyao, wakaandika wee, mwisho wakasema kile kile nilichokuwa nimesema kwa pua. Na mimi darasa la saba sikulimaliza.

Watu huniuliza, fundi, nani alikufundisha? Jibu langu ni moja miaka yote. Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe, sikubebwa na mtu. Nimelisema hilo harusini, nimelisema kanisani siku ya michango, nimelisema mbele ya wakubwa wenye magari yao, na sikulisema kwa sauti ndogo.

Mwaka huu tulimzika mama. Wiki chache baadaye binti yangu wa mwisho, Koku, ambaye yuko kidato cha tatu, aliingia karakanani Jumamosi mchana akiwa na gari lake chini ya kwapa. Ni gari la kuchezea, lakini msilicheke. Linaongozwa kwa rimoti, lina matairi makubwa laini, kila tairi linapanda na kushuka kivyake, na kazi yake ni moja tu: kupanda mawe. Si mbio. Ni kupanda polepole, jiwe baada ya jiwe, bila kupinduka. Nyuma ya nyumba yetu kuna miamba, na yeye na wenzake wa shule wanashindana hapo. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mota. Akaniwekea mbili mezani. Moja waya wake umezungushwa mara thelathini na tano, nyingine hamsini na tano. Alitaka kujua aifunge ipi.

Nikamuuliza, unataka lipande au likimbie? Akasema lipande. Basi, nikamwambia, achana na hiyo yenye haraka. Itakupa mbio kwenye sakafu, halafu ikifika kwenye jiwe itanguruma, itapata moto, itanuka. Waya ukizungushwa mara nyingi, mota inakwenda taratibu lakini inasukuma. Chukua ya hamsini na tano. Akacheka, akasema, baba, umejuaje na hata maelezo hujasoma? Nikampa jibu langu la siku zote.

Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga iliyochakaa.

"Na hii je?" akasema. "Nimeikuta chini kabisa kwenye sanduku la Bibi. Ina nyaya mbili. Inafaa?"

Nilikaa kwenye stuli. Ilikuwa mota bapa, ya duara, kama kopo dogo la dawa ya viatu, ina kapi ya shaba ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mrefu. Mkwaruzo ule niliuacha mimi kwa ncha ya kisu. Nilikuwa na miaka kumi. Na mota ile niliifukia kwa mikono yangu hii kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba, kule Izigo, na sikuwahi kuiona tena mpaka siku hiyo mezani kwangu.

Nilimwambia Koku aiache hapo, aende nyumbani akanywe chai. Haya ninayoandika sijamwambia mtu.

Baba yangu, Tata, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti nzito ya polepole. Akikuita kutoka barabarani unaisikia mpaka mwisho wa kibanja, na wala hajapaza. Kwenye safari zake alinunua redio kaseti, ile ya mpini juu, betri kubwa sita, ya kwanza kitongoji kizima. Wa rika langu mnazikumbuka zile. Mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukizitoa betri zilizochoka tukazianika juani kwenye mkeka kama kahawa, zikipata joto zinaimba siku mbili zaidi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kubonyeza vitufe ilikuwa kazi yangu pia, kwa sababu mama aliiogopa ile mashine, na Tata alikuwa anapenda kuniona nikiiendesha. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu mtoto ana vidole vya fundi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kisha akaugua. Enzi zile kwetu watu wengi wa umri wake waliugua, na ugonjwa wenyewe ulikuwa hautajwi. Lori likapewa mtu mwingine. Mwili ukaisha, akabaki na mabega tu na ile sauti. Nyumba ilinuka majani ya mubirizi yaliyochemshwa, uchungu mtupu, na hadi leo nikipita karibu na mubirizi natema mate.

Siku moja mchana aliniita chumbani. Mama alikuwa ameketi chini kwenye nyasi zilizotandikwa kando ya kitanda. Tata akaniambia niweke kanda tupu, nibonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kama alivyonionyesha. Kwa desturi mtu akitaka kusema wosia huita wazee wa ukoo wamsikie kwa masikio yao. Tata hakutaka kuwaita. Alisema wazee watatu wakisikia neno moja, wakitoka mlangoni yamekuwa maneno matatu. Lakini mashine haiwezi kuongeza wala kupunguza. Aliiamini ile mashine kuliko watu, maskini, na mimi ndiye niliyekuwa naiendesha.

Alisema kwa Kihaya, naandika kwa Kiswahili.

"Nasema nikiwa na akili zangu. Kibanja hiki kibaki mikononi mwa mke wangu mpaka mwanangu awe mtu mzima. Asifukuzwe na mtu. Na siku yake ikifika, azikwe hapa, kando yangu."

Ni maneno machache, lakini yalichukua muda mrefu, kwa sababu kila baada ya maneno matatu ilibidi apumzike. Mimi nilikuwa naangalia kupitia kile kidirisha cha plastiki. Nikaona jambo lililonishangaza. Tata akisema, kanda inazunguka. Tata akinyamaza kutafuta pumzi, kanda inazunguka vile vile. Haiharakishi wala haichoki. Nikafikiri, ndani ya mashine hii kuna kitu kinamsubiri. Kina subira kuliko sisi wote humu. Ndivyo nilivyoelewa na akili yangu ya miaka kumi, kwamba kile kinachozungusha ndicho kinachompa Tata nafasi ya kumaliza.

Mama aliifunga ile kanda kwenye leso akaiweka sandukuni. Wiki mbili baadaye Tata akafariki.

Sasa lazima niwaambie habari za Sadiki. Huyu alikuwa rafiki yangu na mtesi wangu, mtoto wa mwenye duka pale senta. Baba yake alimletea kutoka mjini gari la betri lenye waya mrefu na kibati cha kubonyeza, unatembea nyuma yake unaliongoza. Lile alilokuwa nalo kabla ya hilo lilipokufa, nilimpa Sadiki kopo zima la senene wa kukaanga akanipa mota yake, kitu kidogo chembamba kama gololi mbili zilizobanana. Nikajitengenezea langu la waya wa chuma, magurudumu ya kandambili, na mpira wa baiskeli uliokatwa kama uzi kutoka kwenye mota kwenda kwenye ekseli. Lilikimbia, nawaambia, lilikimbia kama limeibwa. Lakini karibu na mto kulikuwa na jiwe kubwa lililolala, refu kunipita, lenye mgongo wa ngazi ngazi, na mashindano yetu yalikuwa hapo. Magari yetu yote mawili yalifika ngazi ya kwanza yakalia. Langu lilinuka. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kuivuta ile harufu.

Sadiki hakunionea huruma ya msiba. Watoto hawana hiyo. Siku ya pili baada ya mazishi alinikuta mtoni akasema kwamba gari la yatima haliwezi kupanda, lipumzike. Wenzake wakacheka. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikifikiri mota.

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Kwetu msiba ukiingia hakuna anayeshika jembe, wote wanalala kwenye nyasi sebuleni, wanapika nje, na watoto hakuna anayewahesabu. Redio kaseti ilikuwa imewekwa chumba cha kuhifadhia, na ilitolewa saa ya matangazo ya vifo tu, ikarudishwa. Kaseti hakuna aliyeigusa. Nikaingia mle mchana na kisu cha mezani. Nikafungua skrubu tano. Niliiona, bapa, ya duara, imetulia. Nikaikumbuka ilivyokuwa ikimsubiri Tata. Nikajua, bila kufundishwa na mtu, na hili nalisema hadi leo, kwamba mota ya kupanda si ile inayokimbia. Ni ile isiyobadili mwendo.

Nikaichomoa. Kisu kiliteleza kikaikwaruza ubavuni. Na ili mashine isibaki na tundu, nikachukua ile mota yangu ya Sadiki nikaibana mahali pake kwa kipande cha bati, nikavisha mkanda wake wa mpira, nikaunga nyaya. Nikabonyeza. Vile vipini viwili vya kanda vikazunguka. Sikuweka kanda. Niliona vinazunguka, nikaridhika. Kuzunguka ni kuzunguka, nilijiambia. Ningeirudisha ya mwenyewe nikishamaliza na Sadiki.

Gari langu lilipanda lile jiwe alasiri moja, watoto kumi na mbili wakishuhudia. Lilikwenda kama mtu mzima anayepanda ngazi. Ngazi ya kwanza likasita, likashika, likapanda. Ya pili. Ya tatu liliinua pua likakaa hivyo, hewani, nikadhani linapinduka, kisha tairi la nyuma likasukuma na likafika juu. Likasimama kule. Sadiki alitazama gari lake, akalitazama langu, akaniuliza nimeweka mota gani. Nikamwambia siri ya fundi. Nimeshinda zabuni kubwa tangu hapo, nimefungua karakana na watu wakapiga makofi, lakini furaha kama ile sijaipata tena. Nilirudi nyumbani nikiruka. Ilikuwa kesho yake ndiyo niirudishe.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumaliza msiba, nami sikujua. Watu walikusanyika asubuhi. Mzee wa ukoo, Ta Respicius, aliketi kwenye kiti pekee, baba mdogo Novatus mkono wake wa kulia, wengine kwenye nyasi, wanawake upande wa mlango. Waligawa buni za kutafuna. Ilibidi wosia usikike na omusika atajwe, mrithi, ndipo watu watawanyike. Mama akatoa leso yake akaifungua, akasema marehemu alisemea humu. Wazee wakanung'unika, lakini Ta Respicius akasema wasikilize. Mtu mmoja akaenda kuileta mashine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na gari langu la waya nyuma ya mgongo.

Hawakuniita mimi kubonyeza. Alibonyeza baba mdogo.

Sauti iliyotoka sijui niifananishe na nini. Ilikuwa kama kuku anafukuzwa. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, chi chi chi, maneno yamerundikana, na zile pumzi ndefu za Tata zimekuwa vikwifukwifu. Wosia wote aliousema kwa kuhangaika ulipita kama mtoto anatania. Kijana mmoja nyuma akacheka, akashindwa kujizuia. Mwingine akafuata. Mwanamke mmoja akajificha uso kwa kanga na mabega yake yanatikisika. Walimcheka baba yangu siku ya kumaliza msiba wake. Baba mdogo akabonyeza kuzima, kitufe kikagoma, kisha ikasikika kuchanika, na alipofungua kidirisha utepe wa kanda ulitoka nje umeviringana kama utumbo wa kuku, umekatika mara mbili.

Baba mdogo alikuwa analia. Nimesikia watu wakimsema kwamba alikuwa na tamaa, lakini mimi nilimwona, alikuwa analia kweli. Alisema, "Ndugu yangu alikuwa na sauti ya dume. Huyu si yeye. Sijui nani mmemweka humu, lakini si yeye."

Mama akasema ni yeye, waitu, jamani, nilikuwepo. Wakamjibu kwa upole kwamba mke hawezi kujishuhudia. Ta Respicius akauliza nani mwingine alikuwepo. Mama alinitazama, na wote wakageuka mlangoni.

Ta Respicius aliniita kwa mkono. Nikasogea, gari bado nyuma ya mgongo. Kabla ya kuniuliza alisema jambo moja kwa wote, nalikumbuka neno kwa neno.

"Kama mashine ni mbovu, aletwe wa kutuonyesha ubovu wake, tutakaa tena. Lakini kama kuna mkono wa mtu ulioichezea, mtu huyo amemziba marehemu mdomo. Hana sehemu katika ukoo huu, na kaburi lake asilitafute hapa."

Kisha akaniinamia. "Mwanangu, ulimsikia baba yako akisema ndani ya hiki kitu? Alisema nini?"

Nilikuwa nalijua lile neno lote, mpaka mahali alipokohoa. Ningelisema. Lakini akilini mwangu nikaona: nikisema nilikuwepo, watauliza mashine ilikuwa nzima, nitasema ilikuwa nzima, watauliza basi nani ameiharibu. Na jibu nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili nyuma ya mgongo wangu.

Nikasema, "Nilikuwa nje. Nilikuwa nacheza."

Mama alitazama chini, akaanza kuukusanya ule utepe uliokatika, akiuviringisha kidoleni polepole.

Basi. Walimtaja baba mdogo kuwa msimamizi wa kibanja mpaka nikue, na mtu akiwa msimamizi, mwenzangu, unajua yanavyokwenda. Wake zake wakahamia. Mama akapewa muda mpaka kahawa ivunwe.

Jioni ile ile nilikwenda nyuma ya kibanja, karibu na mti wa mulamula wa mpakani. Nilichimba kwa mikono chini ya mgomba mmoja wa ndizi za kupika, nikaing'oa mota kwenye gari, nikaifukia. Gari nikalikanyaga mpaka likawa waya tu. Ile redio kaseti baba mdogo aliichukua, na baadaye nikasikia aliiuza kwa mtu wa visiwani. Mota ya Sadiki ikaenda nayo.

Nilikaa nikisubiri tukio baya linipate. Halikunipata. Nikaanza kuamini kwamba ardhi imenificha.

Siku moja kabla ya kuondoka, mama aliamka akachukua jembe akaenda kulima. Nilimfuata nikashangaa. Mtu anahama kesho, analima leo, kibanja si chake tena. Alilima mstari mzima, akitoa majani, akirudisha udongo kwenye mashina kama kawaida yake. Nilidhani ni kichwa kigumu tu, au hasira. Mimi nilikuwa nakusanya majani makavu nyuma yake, na tulipokaribia ule mulamula nikajifanya nimechomwa na mwiba, nikakaa mbali. Nilimwona akisimama. Akainama. Akaokota kitu, akakifuta na pindo la kanga, akakitazama kwa muda. Nilijiambia ni jiwe. Nilijiambia kwa nguvu kweli kweli kwamba ni jiwe. Kisha akakifunga kwenye pindo, akageuka, akanitazama pale nilipokaa nimeshika mguu wangu mzima usiokuwa na mwiba.

"Umeshakula?" akaniuliza.

Nikasema bado. Akasema twende nikupe viazi, akaweka jembe begani. Hakulima tena. Ta Respicius alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Njia ya kwetu ilipita mbele ya mlango wake, na alikuwa ameketi hapo barazani, akatusalimu. Mama akaitikia kwa heshima, akapiga goti kama inavyotakiwa, akaulizia mgongo wake unaendeleaje. Akanyanyuka, tukapita.

Tulihamia Kashozi kwa kaka yake, chumba kimoja nyuma ya jiko. Watoto wa mjomba walikuwa wakituita wageni mpaka nilipoota ndevu. Mama alikuwa akitembea kwa miguu hadi Bukoba na ndizi kichwani, akapanga chini sokoni, akarudi jioni miguu imepasuka. Nilipoacha shule hakunigombeza. Alinipeleka kwa fundi redio mmoja mjini akamwomba anipe kona ya kukaa nitazame. Yule fundi hakunifundisha, ni kweli, alikuwa mlevi. Lakini kona nilipewa, na aliyeiomba, akiwa amesimama pale na ndizi zake kichwani, ni mama. Hilo nalo sikuwa nalitaja harusini.

Nilipopata uwezo nilikwenda Izigo kukitaka kibanja, hata kwa kukinunua. Baba mdogo alikuwa ameshakufa, wanawe wamegawana, wamezika wao mle, wamejenga. Kaburi la Tata lipo, kwenye pembe, migomba ya mtu imelizunguka. Walinikaribisha vizuri, wakanipa ndizi na samaki, wakasema kaka, hapa hapauziki. Nikarudi nikamwambia mama nitamjengea nyumba nzuri kuliko zote za Izigo, na nilimjengea, ina vigae, ina maji ndani. Alikaa humo akilima maua ya mbele kwa jembe lake lile lile. Alipougua nilimuuliza angependa apumzike wapi siku yake ikifika. Nilijua jibu, na nilijua kwamba jibu hilo haliwezekani, lakini nilimuuliza, sijui kwa nini.

Alisema, "Popote utakaponiweka, mwanangu. Mimi nilishachagua zamani."

Nilidhani ni maneno ya uchovu. Tulimzika Ijuganyondo. Kaburi lake nimelifanyia marumaru, watu wanakuja kulipiga picha. Liko peke yake. Hakuna wa kwetu mwingine mle.

Sasa nimekaa na ile mota mezani na kile kipande cha kanga. Nakijua kile kipande. Ni pindo lile. Nawaza siku ile mbele ya baraza la Ta Respicius. Kibanja chote, nyumba, kaburi la mume wake na nafasi ya kaburi lake mwenyewe, vyote vilikuwa vimefungwa kwenye ncha ya kanga yake, uzito wa yai. Ilikuwa ni kufungua fundo tu. Huu hapa ubovu wa mashine, waitu, kaeni tena. Na wangekaa. Na wangeuliza mkono wa nani. Yeye alipiga goti, akauliza habari za mgongo.

Zaidi ya miaka thelathini tulikula pamoja, na hakuniambia anajua. Kila nilipojigamba mbele ya wageni kwamba sikubebwa na mtu, yeye alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, akimenya ndizi, na mara nyingine alitabasamu. Nilikuwa nadhani anajivuna nami.

Koku alirudi jioni kuangalia imekuwaje. Alikuwa ameshafunga ile ya hamsini na tano na gari limepanda mwamba wote bila kusita, hata magoti yake yalikuwa na vumbi la furaha. Akaiona ile bapa bado mezani. Akasema tuijaribu tu, baba, tuone kama ipo hai. Kabla sijasema kitu akagusisha nyaya kwenye betri yake.

Ikazunguka. Bado. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, udongo wa Izigo ukamwagika mezani kama unga wa kahawa, kisha ikatulia, ikashika mwendo wake. Nilisogeza kidole nikakigusisha kwenye kapi. Haikuharakisha wala haikulegea. Ilikuwa inasubiri, kama siku ile.

"Ilikuwa ya nini?" Koku akauliza.

Nikamwambia ilikuwa ya redio ya babu yake. Akauliza kama anaweza kuifunga kwenye gari la pili. Nikasema hapana, hiyo ni ya Bibi, irudishe kwenye kanga yake. Akanitazama, akaona uso wangu, akaifunga vizuri, mafundo mawili, akaenda.

Jumatatu mteja aliniletea mota ya pampu kutoka Muleba. Mtu mwenye maneno mengi. Nilipoinusa tu nikamwambia imeunguza waya upande mmoja, akashangaa, akapiga makofi, akaniuliza lile swali. Fundi, hivi nani alikufundisha? Vijana wangu wa karakana wakaacha kazi kusikiliza, maana jibu wanalijua, wanapenda ninavyolisema.

Nikainama juu ya ile pampu, nikaanza kufungua skrubu. Nikamwambia arudi Alhamisi.